Maswali ya Wasomaji: Fundi wa Mazulia Aingie Kwenye Vigae?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninafanya kazi ya kusafisha mazulia na makochi hapa Mwanga, Kigoma, nikiwa na vijana wawili na mashine moja ya umeme inayonyunyiza maji ya dawa na kuyafyonza papo hapo. Wateja wangu ni nyumba za kulala wageni, misikiti ya upande wa Ujiji na familia kadhaa. Kila nikimaliza zulia, mwenyeji hunionyesha sakafu ya vigae na kuniuliza kama ninaweza kuirudishia weupe ile mistari ya grauti iliyo kati ya kigae na kigae. Nimekuwa nikikataa kwa kuhofia kumharibia mtu nyumba yake. Je, niongeze kazi hii, na mashine niliyonayo inatosha?

Msafishaji, Mwanga

JIBU: Iongeze, ndugu yangu, ila usianze kwa kununua mashine. Wateja unao tayari: msikiti unaokuita kwa mazulia una pia sehemu ya kutawadhia iliyojengwa kwa vigae, na gesti yenye kapeti mapokezi ina bafu katika karibu kila chumba. Aidha, kazi hizi mbili zinasaidiana kwa majira. Kuanzia mvua zinapoingia mwishoni mwa mwaka mpaka zinapokatika karibu na Mei, zulia hukawia kukauka na kuanza kunuka, hivyo wenye nyumba wengi huahirisha. Lakini katika miezi hiyohiyo tope jekundu la Kigoma huingia ndani kwa nyayo na kujikita katika mistari ya sakafu, na sakafu haihitaji kuanikwa juani.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba kigae chenyewe mara nyingi si tatizo, kwa kuwa uso wake wa kung'aa haunyonyi kitu. Kinachonyonya ni grauti, ambayo kwa kawaida ni saruji iliyochanganywa na rangi na pengine mchanga laini, yenye vinyweleo, yaani vitundu vidogo, vingi, nayo hukaa chini kidogo ya uso wa kigae. Dekio linapopita, maji machafu huteremkia humo, hukauka na kuacha utando, na kesho yake utando mwingine huongezeka juu ya ule wa jana. Ndiyo maana nyumba inayopigwa deki kila asubuhi kwa ndoo moja isiyobadilishwa maji inaweza kuwa na mistari myeusi kuliko nyumba ya mvivu, jambo ambalo ni vigumu kumweleza mwenye nyumba bila kumuudhi.

Sabuni unayotumia kwenye mazulia imetengenezwa iwe pole ili isiharibu nyuzi na rangi, na kwa hiyo haitafua dafu mbele ya mafuta yaliyoganda jikoni mwa mgahawa. Hapo unahitaji dawa ya alikali, yaani kinyume cha asidi, yenye pH (kipimo cha asidi na alikali, ambapo 7 ni katikati) ya takriban 10 hadi 12, ambayo hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni kwa njia ileile wanayoitumia watengenezaji wa sabuni ya mawese wa mkoani kwako. Fagia kwanza sakafu ikiwa kavu, kisha mwaga dawa na uiache dakika 10 hadi 15, ukiongeza pale inapoanza kukauka. Wengi hukosea hapa kwa kuanza kusugua dakika ileile waliyomwaga, wakaishia kuchoka wao badala ya uchafu. Baada ya hapo sugua mistari kwa brashi nyembamba ya nailoni, wala si ya waya, na utaona povu likigeuka rangi ya kahawia na kuanza kutambaa juu ya kigae.

Povu hilo ndilo linaloipa mashine yako thamani. Mtu mwenye dekio tu huusukuma uchafu aliokwisha kuuinua ukarudi palepale ulipotoka, ilhali wewe unaufyonza ukatoka nje ya nyumba. Tafuta tu kichwa cha kufyonzea chenye ukingo wa mpira kwa ajili ya sakafu ngumu, kwa sababu kile cha zulia hupitisha hewa pembeni na kuacha maji. Baada ya kufyonza, suuza kwa maji safi na kufyonza tena, kwani alikali iliyobaki hunata na kukaribisha vumbi upya. Makampuni makubwa hutumia kifaa cha mfuniko kinachozungusha maji ya shinikizo la juu na kuyafyonza kwa wakati mmoja. Hicho utakinunua siku kazi itakapokulazimisha. Usishawishike kuingiza ndani mashine ya kuoshea magari, kwa sababu ikishikwa karibu hung'oa grauti dhaifu na kurusha maji ukutani hadi kwenye soketi.

Bafuni mambo hubadilika, na hofu yako ina msingi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya alikali, pH yake ikikaribia 9, na yana magnesiamu nyingi, hivyo yanapokauka kila siku juu ya kigae huacha ukoko mweupe ambao alikali haiutoi. Ukoko huo hutolewa na asidi, lakini asidi hula saruji, na grauti ni saruji. Kwa hiyo tumia asidi pole kama ya sitriki, si zile dawa za choo zenye asidi kali ya hidrokloriki. Lowesha mistari kwa maji matupu kwanza ili isiinywe dawa, iache dakika chache tu, kisha suuza kwa maji mengi. Kwenye terazo (sakafu ya saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe) au jiwe asilia la marumaru usitumie asidi kabisa. Ukishindwa kutambua sakafu ni ya nini, dondoshea tone la ndimu juu ya kigae chenyewe, si juu ya grauti, mahali pasipoonekana. Likitoa vipovu, rudisha asidi kwenye ndoo yako na ufunge kifuniko.

Kabla ya kufungua chupa yoyote, muulize mwenyeji alichomwaga bafuni asubuhi hiyo. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na bafu la gesti lenye kidirisha kimoja si mahali pa kulijifunzia somo hilo. Vaa glavu na gambuti, fungua milango, na nyaya za mashine zisilale kwenye maji.

Mwisho, anza kila kazi kwa kipande kidogo nyuma ya mlango, umwonyeshe mwenyeji na mkubaliane kwamba matokeo ndiyo hayo. Mistari iliyopasuka au kubanduka mwelekeze kwa fundi wa vigae, kwa kuwa hakuna dawa itakayorudisha grauti ambayo haipo.

SWALI: Mshauri, kampuni yetu ndogo ya usafi iko Gungu. Tumekuwa tukitoza vigae kwa mita za mraba kama tunavyofanya kwa mazulia, lakini bafu hutuchosha kuliko sebule na hatuoni faida. Tunakosea wapi?

Msomaji, Gungu

JIBU: Mnatoza kigae ilhali jasho lenu linaishia kwenye mstari. Vigae vya sentimita 60 kwa 60 vina takriban mita 3.3 za mistari katika kila mita ya mraba, vya 40 vina mita 5, na vya 20 vina mita 10. Chukueni sebule ya mita 5 kwa 4 yenye vigae vya 60: ni mita za mraba 20 na mistari ya mita 67 hivi. Sasa chukueni bafu la mita 2 kwa 2 lenye vigae vya 20 sakafuni na ukutani hadi kimo cha mita 2. Mkiacha kuhesabu mlango, nalo ni mita za mraba 20, ila lina mistari ya karibu mita 200, ambayo sehemu kubwa husuguliwa mtu akiwa amesimama na dawa ikimchuruzikia mkononi. Pimeni muda mnaotumia kwa mita 10 za mstari sakafuni na kwa mita 10 ukutani, mpate bei mbili, kisha ongezeni dawa, usafiri na kuhamisha vyombo. Mteja mtajieni bei moja ya jumla. Hesabu ya mistari ni yenu.

SWALI: Ninamiliki gesti ndogo Ujiji. Mistari ya sakafu ilisafishwa ikapendeza, na baada ya muda mfupi ikaanza kufifia tena. Sasa msafishaji anataka nilipie dawa ya kuziba vinyweleo. Je, ni ujanja wa kunichomolea fedha?

Mama wa gesti, Ujiji

JIBU: Si ujanja, mama, mradi ipakwe ipasavyo. Dondoshea maji kidogo kwenye mstari: yakizama na kuufanya uwe mweusi, grauti yako iko wazi na itanywa kila kinachomwagika, yakibaki juu kama shanga, imezibwa na huna haja ya kulipa. Dawa hiyo haisafishi, na ikipakwa juu ya uchafu huufungia humo, kwa hiyo usafi utangulie na grauti ikauke kabisa, walau saa 24, na zaidi wakati wa mvua. Bafuni, panapopigwa maji na sabuni kila siku, huisha mapema kuliko ukumbini, basi rudia jaribio la tone mara kwa mara na ulipie pale tu panapozama. Kwa upande wa wahudumu wako, wape ndoo mbili, moja ya sabuni isiyo kali na nyingine ya kusuuzia dekio, na wamwage maji ya ndoo zote mbili kila baada ya vyumba viwili au vitatu.