Mti wa sumaki (sumac) kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100: shughulikia mizizi kwanza

Dada, umeuliza kama mti wa sumaki wa Marekani, Rhus typhina, utakufaa hapo Mbarara, Uganda, karibu na ukuta, na kama majani yatageuka mekundu kama kwenye picha uliyoiona. Nianze na majani: usiyategemee. Wekundu ule unaletwa na siku zinazofupika na usiku wa baridi mwishoni mwa mwaka huko kwao. Sisi tuko karibu na Ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Utakachopata ni majani marefu kama manyoya ya ndege, matawi yenye vinyweleo laini, na mashuke mekundu ya matunda, tena mti ukiwa jike. Dume hatoi matunda kabisa, na jike anahitaji dume karibu.

Sasa ukuta. Hapo ndipo watu wanaponunua ugomvi na jirani. Mizizi ya sumaki husambaa juujuu, na popote jembe linapoujeruhi mzizi, hapo huchipua mti mpya. Panda angalau mita 4 kutoka kwenye ukuta, na mbali zaidi kutoka kwenye shimo la choo. Kabla ya kupanda, uzungushie uzio wa chini ya ardhi: pasua mapipa ya plastiki, uyazike kina cha sentimita 60, na uache ukingo wa sentimita 5 juu ya udongo ili mizizi isivuke. Kama nafasi ni ndogo, tumia nusu ya pipa la lita 200. Toboa matundu chini, liweke juu ya matofali kwenye sakafu ya saruji, na kila baada ya miezi 3 chungulia chini yake. Mzizi ukitokeza, ukate mara moja.

Udongo mnono hautakiwi. Samadi nyingi huleta matawi marefu, mepesi, yanayovunjika upepo wa mvua ukija. Kinachoua mti huu haraka ni maji kutuama. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, mwaga ndoo moja ya lita 20. Kama kesho yake maji bado yamesimama, inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake. Panda mvua za Machi au Septemba zinapoanza, penye jua la kutwa. Kiangazi cha mwaka wa kwanza mpe mche lita 10 mara mbili kwa wiki. Ukishashika, ukame anauvumilia.

Usipande mahali palipokuwa na nyanya, biringanya au viazi mviringo. Kuna kuvu wa Verticillium anayebaki udongoni baada ya mazao hayo. Dalili yake ni tawi moja kunyauka huku udongo una unyevu. Lichane kwa kisu: ukiona michirizi ya rangi nyeusi ndani ya mti, ndiye huyo. Dawa hakuna. Kata tawi, lichome, na osha mkasi kwa jiki kabla ya kugusa tawi lingine.

Machipukizi ya mizizi yang'oe yakiwa machanga, udongo ukiwa umelowa, hadi yaachie mzizi. Ukiyafyeka kwa panga yanarudi mengi zaidi. Na usidanganyike kwamba kuukata mti mama kunamaliza shida, ndiyo kunaiamsha. Ukilazimika kuuondoa, paka kisiki glifosati, dawa ya kuua magugu, saa hiyo hiyo, kwa kipimo cha kibandiko, kisha endelea kung'oa. Vaa glavu: mti huu ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho, hutoa utomvu mweupe unaonata, na ngozi za wengine huwasha.

Kuhusu miche, kipande cha mzizi chenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 10, kilichotoka kwa jike, hutoa jike. Kata ncha ya juu mkato ulionyooka na ya chini mshazari usije ukakipanda kichwa chini. Mbegu ganda lake ni gumu, lisugue kwa msasa kwanza. Ukiagiza kutoka nje, utahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo na cheti cha afya ya mimea.

Ila mimi kwa kiwanja chako ningependelea sumaki za kwetu, zile Baganda huziita kakwansokwanso. Mmoja wao, Rhus natalensis, siku hizi huitwa Searsia natalensis. Tumeshaona mimea ya mapambo iliyogeuka balaa: lantana malishoni, Senna spectabilis katika misitu ya Budongo na Kibale. Wa kwetu ana majani matatu matatu, anavumilia ukame, anapogoleka vizuri kuwa ua, na ndege wanapenda matunda yake. Chuma matunda yaliyoiva, ondoa nyama, panda mbegu zikiwa bado mbichi kwenye viriba vyenye mchanga na udongo nusu kwa nusu.