Je, doksisiklini huzuia uvimbe wa saratani kuota mishipa ya damu?

SWALI: Habari daktari. Mama anatibiwa saratani ya titi hapa Nairobi. Jirani anasema doksisiklini hunyima uvimbe damu, na kwenye kemisti ya mtaani ni bei rahisi. Nimnunulie? – Msomaji, Umoja

JIBU: Usimnunulie. Doksisiklini ni antibiotiki, si dawa ya saratani. Lakini jirani hakulizua hilo.

Uvimbe hauwezi kukua kupita milimita 1 au 2 hivi bila kujiotea mishipa ya damu. Daktari mpasuaji Mmarekani, Judah Folkman, alilitangaza wazo hilo mwaka 1971, akapendekeza tuishambulie mishipa hiyo. Sasa, mshipa mpya hauchipuki hadi upenye nyama zilizouzunguka, na vinavyoufungulia njia ni vimeng'enya vinavyokata kolajeni, yaani protini inayoshikilia nyama za mwili. Vimeng'enya hivyo hutegemea zinki. Doksisiklini hushikana na madini ya namna hiyo (ndiyo sababu tunakukataza kuimeza pamoja na maziwa), hivyo huvipunguza makali. Marekani imeiruhusu tangu 1998 kutibu ugonjwa wa fizi kwa miligramu 20 tu mara mbili kwa siku, kipimo kisichotosha kuua bakteria, ila huvipunguza makali vimeng'enya hivyo.

Fizi si titi, hata hivyo. Mengi mazuri tuliyoyaona kuhusu doksisiklini na saratani yametoka maabara, kwenye seli na panya. Dawa ya jamii yake, COL-3, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya Kaposi. Baadhi uvimbe ulinywea, ila ngozi za wengi hazikustahimili jua, na haijawa tiba ya kawaida.

Tena saratani ya titi ni kaidi katika jambo hili. Dawa ya bevacizumab ilitengenezwa mahususi kuzuia mishipa, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa titi iliruhusiwa 2008, kisha 2011 ruhusa ikafutwa: haikuwarefushia wagonjwa maisha, na madhara yalikuwa mazito. Ikiwa dawa iliyoundwa kwa kazi hiyo iliteleza, mimi siweki tumaini kwenye kidonge cha mtaani.

Kama madaktari wake wamemwandikia doksisiklini kwa ajili ya maambukizi, ameze hadi amalize. Wewe usiongeze yako. Na akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi akiwa kwenye kemo, usimpe antibiotiki za nyumbani ukingoja kuche. Chembe zake nyeupe za damu huenda zimeshuka. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na useme mlangoni kwamba yuko kwenye kemo.