Wasomaji Wanauliza: Afisa Mweusi katika Meli ya Macross

SWALI: Mpendwa Mhariri, kaka yangu alinionyesha filamu ya katuni ya Kijapani ya mwaka 1984, Macross: Do You Remember Love?, inayosimulia vita kati ya wanadamu na majitu ya anga za juu. Nilishangaa kumwona mwanamke mweusi, Claudia LaSalle, akiwa afisa katika chumba cha kuongozea meli ya kivita. Kaka anasema huo ni ushahidi kwamba wachoraji wale walituheshimu tangu zamani. Mimi naona aliwekwa pale kama pambo. Nani kati yetu yuko sahihi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na upande wa kaka yako, kwa sababu jambo aliloliona ni kubwa kuliko linavyoonekana leo. Mwaka 1960 nchini Japani kulivuma mwanasesere mweusi wa plastiki wa kupulizwa, Dakko-chan, mwenye midomo mikubwa myekundu, ambaye watu walimning'iniza mkononi na kutembea naye mjini. Hadi mwaka 1988 ndipo wachapishaji wa huko walipoviondoa sokoni vitabu vya watoto vya Sambo, mvulana mweusi wa hadithini, baada ya malalamiko kuhusu namna vilivyowachora watu weusi. Katikati ya miaka hiyo, Haruhiko Mikimoto, mbunifu wa sura za wahusika wa Macross, alimchora Claudia kwa kalamu ileile aliyomchorea Misa Hayase, afisa mwenzake na rafiki yake: uso wa mtu mzima, macho yenye fikra, midomo isiyotiwa chumvi ili kuchekesha. Hakuna anayemdhihaki, wala hakuna anayestaajabu kumkuta kazini. Sauti yake ni ya Noriko Ohara, mwigizaji yuleyule aliyekuwa sauti ya Nobita, mvulana wa katuni ya watoto ya Doraemon, kwa zaidi ya miaka 20.

Meli yenyewe imebeba dunia iliyoungana chini ya serikali moja, na majina ya watu wake yanaonyesha hivyo: nahodha Global, mzaliwa wa Italia, rubani Roy Focker, Mmarekani, mwimbaji Lynn Minmay, mwenye damu ya Kichina na Kijapani. Hata adui amejengwa juu ya suala la tofauti, kwa kuwa majitu wanaume, Zentradi, wanapigana na majitu wanawake, Meltrandi, na kumwona mwanamume na mwanamke pamoja kunawatia kiwewe.

Hata hivyo, sikubali kwamba hoja yako ni ya bure. Claudia na Roy ni wapenzi, na Roy anafia vitani. Katika mfululizo wa televisheni wa mwaka 1982 hadi 1983, wenye vipindi 36, ambao filamu hii ilitokana nao, msiba huo unapewa nafasi yake: katika kipindi cha 33, usiku wa mvua, Claudia anamsimulia Misa jinsi alivyokutana na Roy, jinsi alivyomchukia mwanzoni, na jinsi alivyokuja kumpenda. Kwa kipindi kizima tunamwona mwanamke huyu kupitia kumbukumbu zake mwenyewe. Filamu, ambayo ina chini ya saa mbili na imeamua kuzipa dakika zake pembe tatu ya mapenzi ya rubani kijana Hikaru, Misa na Minmay, imeyaacha hayo yote. Claudia amebakizwa kitini, akitimiza wajibu wake, huku huzuni inayopewa muda ikiwa ni ya wengine.

Kwa hiyo nisingemwita pambo, maana pambo halina cheo, halina mpenzi wala halina la kupoteza, naye anavyo vyote vitatu. Kosa la filamu, kwa maoni yangu, liko mahali pengine: ilimrithi mtu kamili kutoka kwenye televisheni, kisha ilipolazimika kupunguza, ikapunguza kwake. Ndiyo maana, unapotaka kupima heshima ambayo hadithi inampa mhusika, kuhesabu nyuso zilizomo chumbani hakutoshi. Angalia pia ni nani anayesubiriwa amalize kulia.

Mwaka 1985 mfululizo huo uliingia Marekani ndani ya Robotech, katuni ya televisheni iliyotengenezwa kutokana nao, Claudia akapewa jina la ukoo la Grant, na mapenzi yake na Roy, mwanamume mzungu, yakaonyeshwa kwenye televisheni mbele ya watoto. Mwombe kaka yako akutafutie kile kipindi cha 33, mkitazame pamoja, kisha mrudie filamu.