Oili chafu si dawa ya upele wa mbwa

Swali: Daktari, nimemchukua mbwa koko jike aliyekuwa akilala karibu na soko la Mawenzi, hapa Morogoro. Amenyonyoka manyoya masikioni na viwikoni, ngozi imefanya magamba, na anajikuna usiku kucha. Jirani ananishauri nimpake oili chafu ya gari iliyochanganywa na unga wa kiberiti. Nimpake mara ngapi kwa wiki?

Jibu: Usimpake hata mara moja. Kama umekwisha kumpaka, mwogeshe leo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, na umzuie asijirambe.

Kila ninapolikataza jambo hili naambiwa kuwa mbwa wa fulani alipakwa akapona. Dalili ulizoeleza zinaelekea kwenye utitiri wa aina ya Sarcoptes, ambao majike yake huchimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo. Oili huweza kuua walio juu, mbwa akapumzika siku chache, na mwenye mbwa akashangilia. Mayai yaliyo chini huanguliwa na upele hurudi. Wakati huohuo oili iliyotoka kwenye injini imebeba metali na mabaki ya mafuta yaliyoungua, ambayo hupenya kwenye ngozi yenye vidonda na humezwa mnyama anapojiramba, hivyo ini na figo zilizokwisha dhoofishwa na njaa huongezewa sumu juu ya ugonjwa.

Mpeleke hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambayo iko mjini kwenu. Daktari atakwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini, kwa sababu fangasi na utitiri wa Demodex hufanana na upele huu kwa macho lakini tiba zake ni tofauti. Sarcoptes hukwepa hadubini mara nyingi, kwa hiyo usishangae tiba ikianzishwa hata asipoonekana. Mshike kwa glavu, maana utitiri huu huwawasha watu pia, na historia yake ya chanjo huijui: akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.

Wanaoikwepa oili hukimbilia duka la dawa za mifugo, na hapo ndipo ninapopokea wagonjwa mahututi. Sindano ya ivermektini, dawa ya kuua vimelea, ya asilimia 1 imepimwa kwa ng'ombe, mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Mtu asiye na mizani huivuta kwa kukadiria na kumchoma mbwa wa kilo 8. Akizidishiwa hutetemeka, hupofuka na huweza kuzimia, na wenye damu ya Collie, aina ya mbwa wa kuchunga kondoo, hudhurika hata kwa dozi ambazo mbwa wengine huzistahimili. Dawa za kuogeshea ng'ombe nazo zina hatari hiyohiyo zisipochanganywa kwa kipimo cha mbwa. Muuzaji yeyote anayekupa sindano bila kumpima mbwa uzito wala kumtazama ngozi, mrudishie dawa yake.