Baiskeli ya umeme ya kushea: yaliyonikuta mlima wa Ipogolo

Betri ilikata nikiwa katikati ya mlima wa Ipogolo hapa Iringa, saa kumi na mbili jioni, nyuma nimefunga kilo tano za unga na mvua ndo inaanza kudondoka. Jamani baiskeli ya umeme ikiisha chaji sio baiskeli tena, ni jiwe lenye matairi, yetu ina kilo karibu 28 na ukipiga pedali bila mota unaona kama unazungusha mashine ya kusaga. Vijana wa boda walikuwa wanashuka, wakapunguza mwendo, mmoja akapaza sauti, "Dada, Tanesco wamekata?" Nikacheka kwa hasira. Nikasukuma mpaka juu.

Na betri haikuwa na kosa lolote. Mwenzangu tunayeshea naye aliitumia asubuhi, akairudisha, akaiegesha vizuri kabisa, akasahau kuichomeka. Hakuna aliyemwuliza kwa sababu hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza. Mimi naona raha na shida zote za hizi baiskeli za kushea ziko hapo, na nimezionja sehemu mbili tofauti, London na hapa hapa Iringa, kwa hiyo wanaoniuliza kama waanzishe na wao acha niwajibu kwa mpigo mmoja.

Nilikaa London mwaka mmoja wa masomo, 2022 hadi 2023. Wiki ya tatu nikanunua baiskeli ya mtumba, wiki ya tano ikaibiwa, imefungwa na mnyororo na kila kitu. Nilikuwa nafanya usafi kwenye ofisi alfajiri kabla ya vipindi, ndo rafiki akanionyesha hizi za kupangisha. Unapakua apu, unaweka kadi ya benki, unaskani namba iliyopo kwenye usukani, kufuli inaachia kla! unaondoka. Mota haikubebi umekaa tu kama mzigo, lazima uzungushe pedali ndo inakusaidia, na sheria ya kule inataka mota isizidi wati 250 na iache kusukuma ukifika kilomita 25 kwa saa. Jiji lenyewe lina baiskeli zake za vituoni tangu 2010, za umeme ziliongezwa 2022, na kipindi kile nusu saa ya kawaida ilikuwa pauni 1.65, ya umeme 3.30, yaani mara mbili. Halafu kuna kampuni binafsi ambazo hazina vituo, unaiacha popote panaporuhusiwa, hizo zinakuhesabia kwa dakika.

Raha yake sikufichi. Unafika kazini hujatoka jasho, huna wasiwasi wa kuibiwa maana sio yako, pancha sio yako, na ukiwa umechoka wakati wa kurudi unaiacha unapanda basi. Mtu mwenye baiskeli yake hawezi kufanya hivyo, lazima arudi nayo.

Ila hela za kwa dakika, mama yangu! Unasimama kwenye taa nyekundu unasikia kabisa zinavyokatika mfukoni. Siku moja simu ilizima chaji njiani, nikashindwa kufunga safari kwenye apu, hesabu ikaendelea kukimbia mpaka nilipofika nyumbani nikachomeka. Kampuni nyingine nisiyoitaja ikanitoza faini eti nimeegesha vibaya, nikawatumia picha, wakanijibu baada ya siku tisa na hela hawakurudisha. Asubuhi unaona kwenye ramani kuna baiskeli mbili mtaa wa pili, unafika moja haina siti na nyingine iko ndani ya geti la mtu. Na kitu ambacho watumiaji hatupendi kukisema ni kwamba zinaachwa hovyo kwenye njia za waenda kwa miguu, nimemwona mzee asiyeona na fimbo yake nyeupe amekwama katikati ya baiskeli tatu zilizolala chini, ikabidi tuziondoe kwanza ndo apite.

Kuna watu wakisikia habari hizi wanasema "Wazungu wastaarabu, kwetu zitaibiwa siku moja." Aisee, kwao ndo zilianza kuibiwa. Amsterdam mwaka 1965 vijana walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha mitaani bila kufuli mtu yeyote atumie, polisi wakazichukua kwa sababu sheria ilikataza kuacha baiskeli haijafungwa, na mpango haukufika popote. Copenhagen wakaja 1995 na za kuweka sarafu, kama lile toroli la supamaketi. Paris walianza Vélib' 2007, miaka ya mwanzo tu maelfu yakaibiwa na kuvunjwa. China ndo usiseme, kampuni zilishindana kumwaga baiskeli mpaka yakabaki malundo kama makaburi. Kwa hiyo wizi tuuweke kwenye hesabu kama gharama, tusiufanye sababu ya kutothubutu. Kigali hapo jirani walianza baiskeli za umma 2021.

Sasa Iringa. Anayeujua mji huu anajua umekaa juu, na sisi wa Ipogolo tuko chini kwenye barabara kuu ya Tanzam. Stendi kubwa nayo ikahamia Igumbilo, huku huku chini, kwa hiyo harakati za kupanda na kushuka zimeongezeka. Baiskeli ya kawaida kwa mlima ule ni adhabu, jioni unashuka nayo kwa raha lakini asubuhi unaisukuma kama umekopa. Mimi kupanda nilikuwa natoa boda 1,500 kwa siku, siku 22 za kazi ni 33,000, kushuka sijahesabu.

Tukajikusanya sita, wengi tulikuwa tunajuana kwenye kikoba. Mimi, mwalimu mmoja ana goti bovu, nesi, mama wa maandazi, na vijana wawili wa stationari. Tukatoa 450,000 kila mtu, ikawa 2,700,000. Baiskeli mbili kutoka Dar 1,300,000 kila moja, na laki moja ikaishia kwenye mizigo ya basi na vijana wa kupakua. Mjomba wangu alipoziona akazunguka mara mbili, akasema, "Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri makalio." Nikamwambia mjomba hii hatujaazima, tumenunua. Akasema, "Sita? Basi mmeazimana."

Upande wa umeme hakuna kesi. Betri yetu ni ya volti 48, ampia-saa 12, ukizidisha unapata kama wati 576 za saa, ukijumlisha na kinachopotea kwenye chaja ni kama unit 0.7. Kwa bei ya Luku ya karibu 350 kwa unit kwa sisi tusio kwenye ile tarifu ndogo ya wanaotumia umeme kidogo, kujaza betri ni kama 250. Mia mbili hamsini! Kwenye boksi waliandika inaenda kilomita 40, hiyo ni kwa mtu mwembamba kwenye tambarare, kwa mlima wetu tunapata 18 mpaka 20, na Juni na Julai baridi ikikaza zinapungua tena kwa sababu betri za lithiamu hazipendi baridi. Wa Njombe na Mafinga mlizingatie hilo kabla hamjaamini maandishi ya boksi.

Kilichotuua mwanzo ni saa moja asubuhi. Wote tunataka kupanda, hakuna anayetaka kushuka, baiskeli ni mbili. Hili nilikuwa nimeliona Ulaya lakini sikulitilia maanani, kule asubuhi vituo vya katikati ya mji vinajaa na vya pembeni vinabaki vitupu, usiku wanapita na magari kuzirudisha. Paris waliwahi kufika mahali wanawapa watu dakika 15 za nyongeza wakirudisha baiskeli kwenye vituo vya milimani, maana kila mtu alikuwa anateremka nazo tu. Umeme unasaidia watu wakubali kupanda, ila haufanyi baiskeli mbili ziwe sita. Tuligombana wiki tatu. Dawa ikatoka kwenye zamu zetu wenyewe: mwalimu anapanda na ya kwanza saa kumi na mbili na nusu anaiacha hospitali kwa mlinzi, nesi akitoka zamu ya usiku anashuka nayo saa mbili, mimi ofisini naingia saa tatu kwa hiyo napanda nayo. Mama wa maandazi anaichukua mchana wakati sisi wote tuko makazini. Ndo maana nawaambia, msikae sita wenye ratiba moja, hata kama mnapendana vipi. Tafuteni watu wa saa tofauti.

Cha pili ni ile jioni ya mvua. Baada ya pale tuliitisha kikao na tukakubaliana jambo ambalo tungeanza nalo siku ya kwanza, kumlipa mtu. Kuna kijana ana kibanda cha vocha pale Ipogolo, ana umeme na anafunga saa tatu usiku. Tunampa 20,000 kwa mwezi. Yeye ndo anachomeka, yeye ndo anaandika kwenye daftari nani kachukua saa ngapi na karudisha ikiwa na vistari vingapi vya chaji, na ana ruhusa ya kukunyima. Kila safari mwanachama analipa 300. Zikifika safari 150 kwa mwezi ni 45,000, ukitoa ya kijana na umeme kama 7,500 inabaki hela ya pancha na pedi za breki. Pedi za breki msizidharau, mteremko ule unazila kama karanga, na baiskeli nzito ikikosa breki Ipogolo unaenda kukutana na malori ya Tanzam uso kwa uso.

Tangu daftari lianze ugomvi umepungua sana, ila haujaisha. Kuna mwanachama alikuwa anampa shemeji yake aendee mazoezi Gangilonga jioni. Mwingine, na huyu nimemsamehe kwa mdomo tu, aliipeleka moja kuoshwa kwa mashine ya presha kule wanakooshea bajaji, maji yakaingia kwenye kontrola, kile kisanduku kinachoongoza mota, ikaungua. Fundi wetu wa pale Mlandege, mzee wa watu, akaifungua akanusa, akasema, "Mwanangu, hii imeiva." Spea tuliagiza Dar, ikaja ya volti 36, tukaagiza tena, mpaka leo baiskeli moja imeegemea ukuta na tumeanza kuichomoa vipuri kulisha mwenzake. Hili la spea ndo baya kuliko yote kwa sisi wa mikoani. Kabla hujanunua muulize fundi wako wa hapo hapo ulipo anaweza kutengeneza nini, na nunua mbili zinazofanana kabisa, sisi hapo tu ndo tulicheza vizuri. Na ukiambiwa bei nafuu sana uliza betri ni ya aina gani, kuna zile za risasi kama za gari, nzito na zinachoka mapema.

Halafu betri usiichaji chumbani unakolala. Zimamoto wa London walikuwa wanatoa onyo mara kwa mara kuhusu moto wa betri za baiskeli za umeme, hasa zilizochokonolewa au kuchajiwa na chaja isiyo yake. Sisi chaja ikifa tulishawishiwa tutumie ya kompyuta mpakato "inafanana tundu", nikakataa mpaka wakaniona mchawi.

Je kampuni ije na apu yake Iringa au Mbeya iweke baiskeli mia? Mimi kwa sasa ningewaambia waanze na wanafunzi, vyuo vipo, wanafunzi wana saa tofauti za vipindi, na kuna walinzi getini. Mbeya pale kati ya Mafiati, Mwanjelwa na Uyole shida sio mlima ni malori, mota ya wati 250 haikusaidii kitu kama hakuna njia ya baiskeli na semi inakupumulia mgongoni. Na wasilete malipo ya kwa dakika, mtu akikutana na rafiki njiani huku kwetu lazima asalimie mpaka watoto wa mjomba, "kamwene", salamu ya Kihehe, peke yake ina dakika mbili. Walipishe kwa safari.

Kwa upande wangu hesabu ni hii: safari 44 kwa mwezi kwa 300 ni 13,200 badala ya 33,000 ya kupanda tu. Kwenye karatasi nimeokoa. Ila betri iliyobaki imeanza kuchoka, juzi imenifikisha kwa kistari kimoja, mpya nimeambiwa 450,000 na mfuko wetu hauna hata nusu yake. Jumamosi tuna kikao. Mwalimu ameshanitumia meseji kwamba yeye hachangii hata mia mpaka arudishiwe hela ya pancha ya Februari, na kwenye daftari kweli ipo.