Vitenge vya viraka: visimamishe, usivilaze

Dada, umeuliza uvipange vipi vitenge vyako vya kushonea mashuka ya viraka visipauke wala kujaa vumbi. Hapa Dodoma vumbi la kiangazi nalijua vizuri. Fua kwanza, kausha kabisa. Kata vipande vya boksi gumu, sentimita 20 kwa 30, zungushia kila kitambaa, kisha visimamishe kama vitabu ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko. Ukivilaza, cha chini hukipati mpaka ubomoe rundo zima.

Dirishani usiweke kabisa! Changu cha bluu kilipigwa na jua kwenye mkunjo tu, kikabaki na mstari mweupe kama chaki. Niliumia. Vipande vidogo visivyofika shubiri moja ya mkono, tenga kwa rangi. Kontena lipandishe juu ya matofali, mchwa wa huku hawana huruma.