Mteja Akishika Simu, Hadithi Imekufa Hapo

Kijana mmoja wa Kahama ameniandikia wiki hii. Anasema: “Shikamoo dada. Nina hadithi yangu naituma kwenye magrupu. Sehemu ya kwanza mpaka ya tatu watu walinigombania, wengine wananipigia usiku wanataka mwendelezo. Sasa niko sehemu ya kumi na moja, wanasoma wanapita, hakuna hata wa kuweka dole gumba. Na mapigano nimeongeza. Nifanyeje?”

Nimeisoma hadithi yake yote. Namjibu hapa kwa sababu ujumbe wa namna hii unanijia kila mara tangu hadithi yangu ya mwisho ianze kusambaa, na wanaouliza wote wanatafuta kile nilichokitafuta mimi: mtu asiyekujua aache shughuli zake akusome wewe.

Mdogo wangu, tatizo la hadithi yako sio lugha. Kiswahili unacho. Sehemu ya nne una bomu, ya tano helikopta, ya sita mapacha waliopotezana hospitali. Shujaa wako anakimbizwa kutoka Masaki hadi nchi za watu, lakini sikuona mahali ambapo yeye mwenyewe anataka kitu. Nikikuuliza leo huyu bwana anatafuta nini, utanijibu anatafutwa. Msomaji humfuata mtu mwenye haja yake. Mpe shujaa haja ndogo tu, hata ya kurudisha baiskeli ya marehemu baba yake iliyowekwa rehani, halafu mtie vikwazo. Tutakesha naye.

Nieleze nilikojifunzia, maana sikusomea uandishi popote.

Nimekulia Pangani kwa bibi mzaa mama. Usiku tukishakula, sisi wajukuu tunajilaza mkekani, yeye anaanza kama wanavyoanza wote huko kwetu: “Paukwa!” Nasi: “Pakawa!” Watu wengi wakizungumzia hadithi za bibi zao wanataja mazimwi na sungura. Mimi nilichokishika ni namna alivyokuwa akinyamaza. Alikuwa anatega sikio asikie pumzi zetu gizani. Akisikia mmoja anajigeuzageuza, anaingiza wimbo ili sote tuitikie. Akisikia tumetulia tuli, hakuna hata anayejikuna, hapo ndipo anapopunguza mwendo. Binti yuko mbele ya pango, zimwi limelala, na bibi anaanza kutueleza kanga aliyojifunga binti ina pindo la rangi gani na fundo lake kalipiga wapi. Tulikuwa tunaumia! Lakini hakuna aliyelala.

Waandishi wengi wachanga wanafanya kinyume chake. Mahali pasipo na kitu wanakaa kurasa tatu, jua linachomoza, ndege wanaimba, mhusika anapiga mswaki. Wakifika pale penye moto wanapita mbio: “Akamfumania, wakagombana sana, akaondoka.” Basi, imekwisha. Umetupitisha kwenye njia yote ile, halafu mlango wa nyumba umetufungia.

Mimi ni msusi, niko Mbagala. Kusuka rasta nyembamba ni kazi ya saa nyingi, na mteja muda wote kichwa chake kiko mikononi mwako. Zamani wateja walikuwa wanapiga soga. Sasa kila mmoja ana simu. Nilipoanza kuandika nikawa nawasimulia hadithi zangu huku nasuka, kabla sijaandika hata neno moja. Siwaambii kuwa ni yangu, nasema tu kuna mwanamke mmoja yalimkuta makubwa. Kisha naangalia mikono yao. Mteja akishika simu, hadithi imekufa hapo hapo. Sihitaji mhariri wa kuniambia. Nikimsimulia mteja wa pili na yeye akashika simu palepale, najua ugonjwa uko wapi.

Niwape mfano wa kweli. Hadithi yangu moja ina Mwanahamisi, mke wa dereva wa lori, anarudi kutoka msibani siku moja kabla ya ilivyopangwa. Mwanzoni nilisimulia hivi: “Mwanahamisi alikuwa mwanamke mrembo sana, mpole na mwenye heshima. Alipofika nyumbani alihisi kuna jambo baya. Moyo wake ulimwenda mbio, akaumia sana kwa usaliti wa mumewe.” Mteja akafungua simu, akaanza kuangalia vitenge.

Jioni nilikaa nikajiuliza: mimi ningejuaje? Siku ya pili nikasimulia tena: “Mlangoni palikuwa na kandambili pea mbili. Za mumewe, na nyingine za kike, nyekundu, bado zimelowa. Mwanahamisi akavua zake, akazipanga pembeni ya zile nyekundu. Halafu akapiga hodi. Nyumbani kwake mwenyewe.”

Mteja aligeuka na rasta bado iko mkononi mwangu, nusura nimng'oe nywele. “Apige hodi? Kwake? Kwa nini?”

Hiyo “kwa nini” ndiyo mnayoitafuta. Wasomaji wetu wanaiita arosto, wakikosa mwendelezo wanalalamika kabisa kwamba wana arosto. Wengi mnafikiri arosto inaletwa na bastola mwishoni mwa kila sehemu. Bastola inafanya kazi mara moja, mara ya pili, ya tatu msomaji ameshazoea. Mimi Mwanahamisi wangu sikumsema kama ana hasira au ana huzuni. Nilimpa kitendo kimoja ambacho mtu mwingine asingekifanya, na msomaji akabaki na kazi ya kumfikiria usiku kucha.

Jambo jingine ni hii “ka” yetu. Akaenda, akafika, akafungua, akaona, akalia. Ni tamu kwa sababu inasukuma mambo mbele, na bibi zetu wameitumia vizuri. Lakini ukiipanga sentensi baada ya sentensi bila kupumzika, hadithi inakuwa kama maelezo ya polisi. Isimamishe. Weka mtu aseme kitu. Weka sentensi isiyo na kitendo kabisa. Kisha irudishe pale unapotaka damu ichemke. Na “kumbe” nayo muihurumie. Kumbe alikuwa ndugu yake, kumbe alikuwa jini, kumbe yote ilikuwa ndoto! Msomaji aliyemaliza bando lake siku nzima akikusoma, ukimwambia ilikuwa ndoto, hakusamehi, na ana haki.

Sasa niseme la moyoni.

Mswada wangu wa kwanza niliupeleka kwa mchapishaji mmoja hapa Dar es Salaam. Niliuchapa steshenari kwa pesa ya kusuka, nikautia kwenye bahasha ya kaki, nikaupeleka mwenyewe. Wakaniambia nisubiri. Nilisubiri mpaka mlinzi wa getini akanizoea. Nilipokwenda kuuchukua, bahasha ilikuwa imefungwa vilevile kwa gundi niliyoipaka mimi. Bwana aliyekaa mezani akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nasuka nywele. Akasema, “Dada, hizi zitakuwa hadithi za saluni. Sisi tunatafuta vitabu vya shule.”

Zitakuwa! Hajafungua hata ukurasa.

Inaniuma mpaka leo, sitaki kudanganya. Naelewa kwamba kitabu cha shule kina mnunuzi wa uhakika na riwaya haina, hesabu hizo nazijua kama mfanyabiashara yeyote anavyozijua. Lakini kufungua bahasha ya mtu hakuli mtaji. Na neno “saluni” alivyolitamka, kana kwamba watu wanaokaa pale hawana akili ya kuchagua hadithi nzuri. Wale ndio walionifundisha kazi.

Nilirudi nikaipeleka kwenye WhatsApp, sehemu za mwanzo bure, anayetaka yote ananitumia elfu moja kwa simu. Wasomaji wangu wakubwa wakawa ni wadada walioko Maskati, wanaofanya kazi za ndani. Wengi hawana nafasi ya kusoma, wakaniomba niwasomee kwa sauti. Sasa kila sehemu naituma imeandikwa na imerekodiwa. Mmoja aliniambia anaisikiliza akipiga pasi, na bosi wake amemuuliza ni redio gani ile. Hadithi ile imelipa kodi ya fremu yangu na imenunua kompyuta ninayoandikia haya. Nasema kwa kujivuna kabisa, kwa sababu nilipewa bahasha yangu mkononi nikaambiwa niende.

Hata hivyo, kurekodi kumenisaidia zaidi ya pesa. Ukisoma kwa sauti, mdomo unakwama penye uongo. Mazungumzo ambayo kwenye karatasi yalionekana safi, ukiyatamka unasikia hakuna Mswahili anayezungumza vile. Mama wa Tandika hamwambii mwanawe, “Mwanangu mpendwa, nimesikitishwa sana na tabia yako.” Anamwambia, “Haya, endelea. Dunia ipo.” Kwa hiyo soma kwa sauti. Simulia kabla ya kuandika, na ukishaandika soma kwa sauti. Nitalirudia hili mpaka mchoke.

Na acheni kuogopa kwamba hamna kazi ya uandishi. Shaaban Robert wa kwetu Tanga, aliyezaliwa 1909, alikuwa karani serikalini huku anatunga. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa, alijulikana baada ya kushinda shindano la kuandika hadithi la 1957–58, na kitabu kikatoka 1960. Mashindano yapo hata leo. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ipo na ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, kwa ajili ya kazi za Kiswahili. Kule unapeleka mswada wako bila kuulizwa unasuka au unaendesha bodaboda. Fuatilieni matangazo, someni masharti mpaka mwisho, pelekeni. Kijana anakesha kibanda umiza anaangalia muvi za kutafsiriwa, asubuhi anaandika muvi ileile kwa majina ya Kiswahili, halafu analalamika hakuna soko! Ndugu zangu, tusiwe wavivu. Wewe uko Kahama, mji wa mpunga na dhahabu. Kuna mashine za kukoboa zinazopiga kelele usiku kucha, kuna wachimbaji wadogo wanaoshuka shimoni kwa kamba na kupanda na gramu mbili au bila kitu. Mtu anashuka shimoni na deni la harusi kichwani. Hebu niambie, helikopta ya nini?

Rudi sehemu ya nne. Hapo ndipo ulipomwacha yule mama muuza chakula, mtu pekee katika hadithi yako ambaye nilimwona kwa macho, anayehesabu sahani kabla ya wateja kunawa. Fuata yeye. Msimulie mtu hadithi yake ana kwa ana, fundi baiskeli, jirani, yeyote mwenye simu mkononi.

Jambo la mwisho ni wezi. Ukianza kuandika vizuri watakuiba. Hadithi yangu nimeikuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine, jina langu limefutwa, yeye anapokea pongezi. Tunzeni nakala ya kwanza yenye tarehe, ulizeni COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kuhusu kusajili kazi zenu, na jina lako na namba yako usiviweke juu peke yake. Vipachike katikati ya kila sehemu, ndani ya aya, mahali ambapo mtu akitaka kuvifuta itambidi asome.